Florini kwenye udongo: mtuambie imepimwaje, sio namba tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikera muda mrefu. Kila zikitoka habari za udongo kukutwa na florini, iwe jirani na kiwanda au kwenye kiwanja kinachotaka kujengwa nyumba, kinachoandikwa ni namba moja tu, tuseme "miligramu 500 kwa kilo", alafu inafuata aya ya meno kuharibika na mifupa kupinda, alafu basi. Msomaji mmoja anabaki na hofu, mwingine anapuuza, inategemea siku yake imeendaje. Hakuna anayeambiwa hio 500 imepatikana kwa njia gani, na mimi ambae kazi yangu ni maabara, kupima udongo na maji, nakwambia bila kujua njia hio namba haikusaidii chochote kujua kama mtu ataumwa au hataumwa.

Kwanza florini kuwepo kwenye udongo sio habari, ipo kwenye udongo wote duniani. Gesi yenyewe hutaikuta ardhini ikizurura, inashikana na karibu kila inachokigusa, ndo maana wanakemia walihangaika nayo miaka na miaka, wengine ikawajeruhi na wengine ikawaua, mpaka Henri Moissan alipofaulu kuitenga mwaka 1886. Ardhini inakaa kama floridi: imeshikana na kalsiamu kwenye madini ya floraiti, imejificha ndani ya madini mengine kama apataiti na mika, imenasa kwenye udongo wa mfinyanzi na kwenye zile oksidi za chuma na aluminiamu zinazoupa udongo rangi. Wastani wa dunia ni kama miligramu 320 kwa kilo. Mchanga mtupu unakuwa na kidogo, ila udongo uliotokana na graniti, majivu ya volkano au mawe ya fosfeti unaweza kupita 1,000 na hakuna kiwanda hata kimoja karibu. Kwa hio mtu akikuletea 500 akasema "hii ni mara moja na nusu ya wastani wa dunia!" mwambie sawa, na mvua ya jana nayo huenda ilizidi wastani.

Sasa twende kwenye kupima, hapa ndo penyewe.

Ukitaka florini yote, hadi ile iliyofungwa ndani ya mawe, lazima uuvunje udongo wenyewe. Unachukua udongo mkavu uliosagwa laini, nusu gramu tu, unauweka kwenye kikombe cha nikeli pamoja na sodiamu haidroksaidi, unasukuma kwenye tanuri la nyuzi 600 mpaka vyote viyeyuke viwe kitu kimoja. Kikipoa kinakuwa kigaga kimeng'ang'ania chini ya kikombe, unakilainisha kwa maji moto, unashusha ukali wa alkali kwa asidi tone kwa tone ili aluminiamu na chuma vigande, unachuja, ndo unapata maji ya kupima. Ukiyaweka kwenye chupa za plastiki ni salama zaidi, maana floridi ikikutana na asidi inaanza kuitafuna glasi, unajikuta umeipoteza kwenye chupa kabla hujaisoma.

Kinachosoma ni elektrodi yenye kristali ya lanthanamu floridi. Walioitangaza ni wanakemia Frant na Ross mwaka 1966 na mpaka leo ndo kimbilio la maabara nyingi. Ni kijiti tu unachotumbukiza kwenye maji, kinakupa milivolti, floridi ikiongezeka mara kumi usomaji unasogea kama milivolti 59. Inaonekana rahisi, ila ukikosea milivolti moja tu umekosea kama asilimia 4 ya jibu. Na elektrodi hii inaona floridi iliyo huru peke yake, ile iliyokumbatiwa na aluminiamu haioni kabisa, na udongo umejaa aluminiamu. Ndo maana kuna bafa maalum, yaani maji ya kemikali ya kutuliza kipimo, lazima uitie kabla ya kusoma, yenye kitu cha kuikamata aluminiamu ili iiachie floridi, na inayoshikilia pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka asidi imezidi) kwenye 5 na kidogo. pH ikishuka sana floridi inageuka kuwa asidi yake na elektrodi haiioni, ikipanda sana elektrodi inadanganywa na haidroksaidi, inaihesabu kana kwamba ni floridi. Mtu akiiruka bafa au akitia isiyotosha anapata namba ndogo nzuri ya kufurahisha wenye kiwanda.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye ripoti. Ile mashine kubwa ya plasma ya agoni, yaani gesi iliyopashwa moto mkali mno, inayosoma metali zote kwa mkupuo mmoja, kwa florini inakwama, agoni haina nguvu ya kuing'oa elektroni. Kwa hio mkiletewa ripoti ina orodha ndefu ya madini kutoka mashine hio moja na florini imo humo humo katikati ya risasi na zinki, ulizeni vizuri imefikaje pale.

Hio ni njia ya kupata jumla. Njia ya pili haivunji kitu: unatikisa udongo na maji, unachuja, unasoma. Unapata ile inayoyeyuka yenyewe, ambayo mvua inaweza kuishusha kwenye maji ya chini au mzizi ukainywa. Na udongo ule ule uliokupa mamia ya miligramu kwa tanuri unaweza kukupa miligramu chache tu kwa maji. Katikati kuna njia ya tatu ya kuiga tumbo, unaweka udongo kwenye asidi ya pH 1.5 hivi kwenye joto la mwili, nyuzi 37, kama saa moja, uone mtu akimeza huo udongo tumbo litaachilia kiasi gani. Ni sawa na mtu kuwa na pesa iliyofungiwa kwenye sanduku lisilo na funguo, nyingine iko benki, nyingine mfukoni, ukiulizwa una shingapi jibu linategemea unaulizwa na nani. Zote tatu zinaitwa "florini kwenye udongo" na zote zinaandikwa kwa miligramu kwa kilo! Mwandishi akinakili namba bila kuandika ni ipi kati ya hizo tatu, ameandika nini?

Na sio nyinyi tu mnaochanganya, hata sheria za nchi zinapishana vibaya sana. Korea Kusini kwa miaka mingi kikomo cha florini kwenye udongo wa makazi na mashamba kilikuwa 400 kwa kilo. Jirani yao Japani ni 4,000. Mara kumi! Miili ya watu wa pande hizo mbili za bahari ni ile ile. Alafu Japani hata hawauyeyushi udongo wote, wanatoa florini kwa asidi ya hidrokloriki kisha ndo wanalinganisha na hio 4,000, na pembeni wana kipimo kingine cha maji yaliyopita kwenye udongo kisizidi miligramu 0.8 kwa lita, yaani wametenganisha hatari ya kumeza udongo na hatari ya maji kuchafuka. Huo mpangilio mimi naukubali. Kikomo cha 400 ya jumla kinagongana na maumbile yenyewe, maana kiko juu kidogo tu ya wastani wa dunia, kwa hio kwenye nchi ya graniti utahukumu milima.

Hapo mtu atauliza, sasa nani yuko sahihi kuhusu afya? Hesabu yake sio ngumu, na mnaweza kuifanya hapo hapo ofisini kwenu. Wataalamu wa afya huwa wanachukua mtoto mdogo wa kilo 15, kwa sababu mtoto anacheza chini na mikono inaenda mdomoni, wanamkadiria kumeza miligramu 200 za udongo kwa siku, hio ni sehemu moja ya tano ya gramu. Udongo ukiwa na 500 kwa kilo, kwenye hizo miligramu 200 kuna miligramu 0.1 ya floridi. Gawa kwa kilo 15 unapata kama 0.0067 kwa kila kilo ya mwili. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, kwa miaka mingi limetumia kikomo cha 0.06 kwa kilo ya mwili kwa siku, kimewekwa hapo kwa kuangalia madoa ya meno kwa watoto. Gawa 0.0067 kwa 0.06 inakuja 0.11, na hatari inaanza kuhesabiwa ikipita 1. Yaani kwa njia ya kumeza peke yake, na hata tukikubali florini yote iliyomo inaachiliwa tumboni, kitu ambacho hakitokei, udongo ungetakiwa ufike kama 4,500 kwa kilo ndo mtoto huyo agonge 1. Mnaona sasa 4,000 ya Japani haijatoka hewani.

Alafu linganisha na maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Mtoto yule yule akinywa lita moja ya maji yaliyopita mtihani huo anapata miligramu 1.5, ambayo ni mara 15 ya ile ya udongo wa 500, na ukigawa kwa kilo 15 inakuja 0.1, ishapita ile 0.06. Dawa ya meno ya kawaida nayo inakuwa na kama miligramu 1,000 hadi 1,500 kwa kilo, mtoto akimeza nusu gramu badala ya kutema ashapata 0.5 au zaidi. Zote hizi zinaingia mwili mmoja na zinatakiwa zijumlishwe. Ripoti inayokokotoa udongo peke yake ikatangaza "salama" wakati watoto wa pale wanakunywa maji yenye floridi nyingi, hio imejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Ila naomba nisieleweke kwamba natetea udongo. Hesabu hio hio inageuka kabisa kwa mtu anaekula udongo kwa makusudi, na watu hao wapo sehemu nyingi za dunia, hasa wajawazito. Miongozo ya EPA inawakadiria gramu 50 kwa siku. Weka kwenye udongo wa 500: ni miligramu 25 za floridi, kwa mtu wa kilo 60 ni kama 0.42 kwa kilo, mara 7 ya kikomo. Kama tumbo linaachilia moja ya kumi tu inashuka mpaka 0.04, iko ndani ya kikomo ila imebakiza kidogo. Unaona hapo kipimo cha kuiga tumbo ndo kinaamua kama utamwambia mama wa watu aache leo au umwache na mambo yake, na ndo kipimo ambacho hakifanyiki mara nyingi kwa sababu kinachukua muda na hakuna sheria inayokilazimisha.

Na sehemu kubwa ya madhara ya florini ya ardhini haipiti mdomoni moja kwa moja, inazunguka. Inategemea sana pH. Kwenye udongo wa asidi kidogo, pH 6 hivi, floridi inashikiliwa vizuri. Hio pH ikishuka zaidi inaondoka pamoja na aluminiamu, ikipanda, kwenye udongo wa alkali wenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo inasukumwa itoke na inaingia kwenye maji. Ndo stori ya Bonde la Ufa yote hio, mawe ya volkano yenye floridi pamoja na maji ya magadi, mpaka kwenye maziwa ya Momella kule Tanzania kumepimwa floridi ya mamia ya miligramu kwa lita. Udongo wa pale unaweza usikutishe ukiangalia jumla yake, ila kisima kikakutisha.

Chai nayo, mmea wenyewe wa chai unapenda udongo wa asidi na unavuta floridi pamoja na aluminiamu, unaihifadhi kwenye majani, na jani likizeeka ndo linazidi kuwa nayo. Majani machanga hayana shida kubwa, ila chai ya matofali, ile iliyoshindiliwa mabonge kama tofali, inayotengenezwa kwa majani makuukuu imeleta ugonjwa wa floridi kwa wanywaji wakubwa wa Tibet na Mongolia ya Ndani, na mizizi ya michai hio iko kwenye udongo ambao ungeupima ukasema wa kawaida.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Guizhou kule China, kwa sababu unavuruga hesabu zote za kwenye karatasi. Watu walikuwa wanachanganya vumbi la makaa ya mawe na udongo wa mfinyanzi ili lishikane, wanachoma ndani ya nyumba bila bomba la moshi, na juu ya moto huo wanakausha mahindi na pilipili. Watu wengi mno wakapata madoa ya meno na mifupa kukakamaa. Kwanza lawama zote zilienda kwa makaa, baadae ikaonekana florini nyingi ilikuwa inatoka kwenye ule udongo wa kushikanishia. Hakuna mtu aliyekula udongo pale, udongo ulipanda hewani ukashuka kwenye chakula. Fomula ya miligramu 200 za mtoto anaecheza chini isingewaona watu hao hata siku moja.

Mbolea ya fosfeti nayo huwa inatajwa, basi niiguse. Mwamba wa fosfeti una florini asilimia 3 hadi 4, na sehemu yake inabaki kwenye mbolea. Chukua mbolea yenye asilimia 1.5, mwaga kilo 300 kwa hekta kila mwaka, unaongeza kilo 4.5 za florini, na udongo wa juu wa sentimita 20 kwenye hekta una uzito wa kama kilo milioni 2.6, kwa hio unapandisha chini ya miligramu 2 kwa kilo kwa mwaka. Ni polepole na mazao mengi hayaivuti. Wa kuwaangalia ni kondoo na ng'ombe, wakati nyasi zimeisha wanachuna mpaka udongo, na wao hawamezi miligramu, wanameza gramu nyingi. Mifugo ndo inayoumia mapema kwenye mambo ya florini, kule Aislandi mlipuko wa volkano ya Laki mwaka 1783 ulimwaga florini kwenye malisho, zaidi ya nusu ya mifugo ya nchi ikafa, na njaa iliyofuata ikaua kama mtu mmoja kati ya kila watano.

Kwa hio mkipata ripoti mezani, angalieni imefanywa kwa ajili ya nani na kwa kutumia mwili wa nani. Nimeona ripoti zinakokotoa kwa mtu mzima wa kilo 70 anaemeza miligramu 100 kwa siku, na kwa mtu huyo udongo ungehitaji kufika 42,000 kwa kilo ndo agonge 1, kwa hio kila kitu duniani kinakuwa salama. Nimeona pia sampuli za eneo zima zinachanganywa ndoo moja wanapima wastani, na ile kona ya shimo la taka inamezwa humo. Na wanaokusanya hawachekechi, wakati udongo unaoganda kwenye vidole vya mtoto ni ule laini wa chini ya robo milimita, changarawe mtoto hailambi.

Na kama ubishi ni wa nani kaleta florini, kiwanda au mwamba, kuna kitu cha kuulizia ambacho hakihitaji mashine mpya. Muulizeni mpimaji kachimba kina gani. Floridi inayotoka kwenye bomba la kiwanda, cha aluminiamu, cha matofali au cha mbolea, inatua juu, kwa hio sentimita 5 za mwanzo zinakuwa na nyingi kuliko mita moja chini, na inapungua kadri unavyokiacha kiwanda nyuma, hasa ukielekea upande ambao upepo unatoka. Iliyotoka kwenye mwamba haijali upepo, na mara nyingi chini iko sawa na juu au imezidi. Shimo lile lile, sampuli mbili. Nyingi ya ripoti zinazonipitia zina sampuli ya juu peke yake, alafu pande zote mbili zinagombana nayo magazetini miezi, na namba ya chini ambayo ingemaliza ubishi hakuna aliyeichimba.

Wenu,
Msomaji wa maabara